Pedali za Gitaa la Besi: Namna ya Kuzichagua na Kuzitumia Bila Kupoteza Uzito wa Sauti

Wimbo wa dansi ukifika kwenye sebene, waimbaji hupumzika, magitaa ya solo hushika nafasi na watu humiminika uwanjani. Wengi humsifu mpiga solo, lakini miguu yao inamfuata mpiga besi. Yeye ndiye aliyeshikana na mpiga ngoma, na besi ikipungua kidogo tu uwanja hupoa, hata kama hakuna anayeweza kusema kilichopungua ni nini.

Ndiyo maana mpiga besi anayetaka kununua pedali hana budi kujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, kifaa hiki kitaniachia uzito wangu? Pedali ni kisanduku kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Ukikikanyaga, sauti inabadilika: inanenepa, inakwaruza, inayumba au inarudi kama mwangwi. Yote hayo yana mahali pake. Lakini sauti ikipambwa mpaka ikapoteza uzito, bendi nzima inabaki haina pa kusimama.

Mwongozo huu ni wako wewe unayepiga besi katika bendi ya dansi, kwaya ya kanisani, kundi la taarab ya kisasa, au unayejifunza nyumbani. Nimezipanga pedali kwa utaratibu ambao ningekushauri utoe fedha zako: zinazohitajika kila siku kwanza, za mapambo baadaye.

Anza na gitaa lenyewe

Pedali haizalishi sauti kutoka hewani. Inapokea unachoipa na kukigeuza. Nyuzi zilizochakaa na kujaa jasho zitatoa sauti iliyofifia, na pedali itaikuza ikiwa imefifia vilevile. Kwa hiyo fedha ya kwanza itoke kwa ajili ya nyuzi mpya na waya mzuri. Kisha jifunze mkono wako. Ukipiga karibu na daraja la gitaa, sauti inakuwa kavu na kali. Ukisogea karibu na shingo, inakuwa nene na laini. Zungusha nobu ya toni kutoka mwisho hadi mwisho usikie inakupeleka wapi. Mara nyingi sauti unayodhani utaipata dukani tayari iko vidoleni mwako.

Jua pia namba za ala yako, kwa sababu ndizo zitakazokuongoza dukani. Kwenye besi ya nyuzi nne, uzi mnene wa E hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D mara 73 na G mara 98. Besi ya nyuzi tano inaongeza uzi wa B unaotetema takriban mara 31. Gitaa la kawaida, lile la solo, uzi wake mnene kabisa huanzia mara 82, yaani oktava nzima juu ya wako. Pedali iliyobuniwa kwa ajili ya gitaa hilo haina sababu ya kuhifadhi kilicho chini ya hapo. Nyingine hukipunguza makusudi. Tube Screamer ya Ibanez, inayopendwa sana na wapiga solo, imeundwa hivyo ili gitaa lisivume ovyo na lipenye katikati ya bendi. Kwa mpiga solo hiyo ni neema. Kwako wewe ni kukatwa miguu.

Hapa ndipo ilipo siri ya kwanza ya pedali za besi: nobu ya kuchanganya. Nyingi zimeiandika Blend au Mix. Inakuwezesha kupitisha sauti safi ya gitaa sambamba na ile iliyogeuzwa, kwa kiasi unachotaka. Uzito unabaki kwenye sauti safi, rangi inatoka kwenye pedali. Ukikuta pedali mbili za bei moja na moja ina nobu hiyo, hiyo ndiyo yako.

Tyuna: pedali ya kwanza

Tyuna haibadilishi sauti, lakini hakuna pedali nyingine utakayoikanyaga kila siku ya maisha yako. Besi iliyotoka kwenye tyuni huiharibu bendi nzima, maana sauti zote za juu zinaegemea noti yako. Kuna tyuna za kubana kwenye kichwa cha gitaa, na ni rahisi, ila jukwaani mtikisiko wa ngoma na spika huzichanganya. Ya sakafuni inasoma umeme unaotoka moja kwa moja kwenye gitaa, hivyo kelele haiisumbui. Kampuni ya Boss ilileta TU-2 mwaka 1998, na mtindo wake umeigwa na wengi.

Faida yake nyingine ni kunyamazisha. Ukiikanyaga, sauti inakatika. Unaweza kutyuni wakati mchungaji anaomba, au kubadilisha gitaa bila kulipua spika kwa mlio wa jeki.

Kama tyuna yako inasitasita kwenye uzi wa E au B, gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, bila kukandamiza, kisha piga. Utapata mlio wa oktava ya juu, nao tyuna inausoma haraka zaidi.

Kompresa: mkono wa pili

Hata mpiga besi hodari hapigi noti zote kwa nguvu sawa. Nyingine zinaruka, nyingine zinazama chini ya ngoma. Kompresa inazishusha zilizoruka, kisha wewe unapandisha kiwango cha jumla, na zilizozama zinasikika. Kwa msikilizaji besi inakuwa imetulia na iko mahali pamoja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Ina vipimo vinne vikuu. Kizingiti ni kiwango ambacho sauti ikikivuka kompresa inaanza kazi. Uwiano ni ukali wake: ukiweka 4:1, sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 8 itatoka imevuka kwa desibeli 2 tu. Kasi ya kubana ni muda kabla ya kompresa kuikamata noti, na kasi ya kuachia ni muda wa kuiacha huru tena.

Kwa kuanzia weka uwiano wa 4:1, kasi ya kubana iwe ya wastani, kasi ya kuachia iwe ya kutosha kuiacha noti kabla ijayo haijafika. Teremsha kizingiti taratibu mpaka taa zionyeshe kwamba noti zako kali zinapungua kwa desibeli 3 hadi 6. Usiweke kasi ya kubana kuwa ya haraka mno. Ule mgoto wa kidole kwenye uzi ndio unaomwambia mchezaji mguu utue wapi, na kompresa ya haraka sana inaumeza.

Usiitumie kuficha mkono dhaifu. Kompresa iliyobanwa kupita kiasi inafanya kila noti ifanane na mwenzake, na pia inakuza kelele ya umeme kila unaponyamaza. Jizoeze bila hiyo, tumbuiza nayo.

Priampu yenye DI: rafiki wa ukumbi usio na amplifaya

Katika makanisa na kumbi nyingi hakuna amplifaya ya besi. Unakabidhiwa waya unaokwenda kwenye miksa, na ukichomeka gitaa moja kwa moja sauti inatoka nyembamba na yenye kelele. Sababu ni kwamba waya wa gitaa haujasawazishwa. Ukiwa mrefu hukusanya kelele njiani na kupoteza ung'avu. DI, kisanduku cha kuunganisha gitaa na miksa, inaigeuza sauti yako iweze kusafiri makumi ya mita kwa waya wa maikrofoni bila kuharibika.

Priampu, yaani kikuzaji cha awali, ikiwa na DI hufanya hivyo na zaidi: ina nobu za besi, kati na juu, na nyingine huiga sauti ya amplifaya na spika zake. SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21, kampuni iliyoanzia New York, imetumiwa jukwaani na studioni kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. M80 ya MXR ni ya kundi hilohilo. Ukiwa na kisanduku kama hiki unaingia ukumbi wowote na sauti yako mkononi, hata fundi mitambo awe ni mtu ambaye hamjawahi kuonana.

Ninaona pedali hii ndiyo inayomlipa haraka zaidi mpiga besi wa Afrika Mashariki. Kama una fedha ya kitu kimoja tu baada ya tyuna, na unapiga mahali pasipo na amplifaya, ruka kompresa ununue hii kwanza.

Jambo la kukumbuka: zungusha sauti za chini kwa uchache. Ukumbi wa saruji tayari unaongeza mvumo wake. Mpiga besi asiposikika, mara nyingi dawa ni kupandisha sauti za kati kidogo, si kuongeza uzito juu ya uzito.

Ovadraivu, distosheni na fazi

Watu hudhani sauti ya kukwaruza ni mali ya gitaa la solo. Historia inasema vingine. Mwaka 1961 ilitoka rekodi ya Marty Robbins iliyofanywa Nashville, Marekani, yenye jina Don't Worry. Grady Martin alikuwa anapiga besi ya nyuzi sita, na njia moja ya miksa ikaharibika. Sauti ikatoka imepasuka, inavuma kama nyigu. Waliamua kuiacha ndani ya wimbo. Fundi wa sauti, Glenn Snoddy, baadaye alitafuta namna ya kuipata sauti ile kwa makusudi, na kutokana na kazi hiyo ikaja Maestro FZ-1 mwaka 1962, pedali ya fazi iliyofungua njia kwa zote zilizofuata. Kwa hiyo ukikanyaga fazi kwenye besi, hujavamia shamba la mtu. Umerudi nyumbani.

Tofauti ya ovadraivu, distosheni na fazi ni ya kiwango. Ovadraivu inaipasua sauti kidogo, kama amplifaya iliyofunguliwa karibu na mwisho. Ukipiga kwa mkono mwepesi inabaki safi, ukikaza mkono inakwaruza. Distosheni inapasua muda wote. Fazi inakwenda mbali zaidi, mpaka noti inakuwa ukuta wa sauti. Big Muff ya Electro-Harmonix ni mfano maarufu wa fazi, na ina toleo la besi lenye njia ya kuhifadhi sauti safi. Darkglass, kampuni ya Helsinki iliyojijenga juu ya pedali za besi, inajulikana kwa distosheni zake zenye nobu ya kuchanganya.

Je, mpiga rumba au mpiga besi wa kwaya ana haja nazo? Ana haja na ovadraivu ndogo, na sababu ni ya kifizikia. Noti ya E inapotetema mara 41, inazaa pia mitetemo ya juu yake: 82, 123, 164 na kuendelea. Spika ya simu haiwezi kutoa 41. Lakini sikio likisikia mitetemo ile ya juu, ubongo unaikamilisha noti ya chini wenyewe. Ovadraivu inaikuza mitetemo hiyo, na ndiyo maana besi iliyokwaruzwa kidogo husikika kwenye simu na redio ndogo, mahali ambapo besi safi hupotea. Watu wengi leo watausikia wimbo wako kwenye simu kabla ya kuusikia ukumbini.

Weka ukali chini ya nusu, nobu ya kuchanganya katikati, kisha piga pamoja na bendi. Ukiipiga peke yako utasikia mkwaruzo. Pamoja na ngoma na magitaa mkwaruzo unafichika, na kinachobaki ni noti inayosomeka. Hapo umefika.

Oktava

Pedali hii inaongeza noti iliyo oktava moja au mbili chini ya unayopiga. OC-2 ya Boss, iliyotoka mwaka 1982, imekuwa kipenzi cha wapiga besi tangu hapo. Pino Palladino aliiunganisha na besi isiyo na freti na kuipa sauti za chini ambazo mikono peke yake haiwezi kuzipata.

Matumizi yake kwetu ni ya moja kwa moja. Nyimbo nyingi za bongo fleva na amapiano zina besi iliyotengenezwa kwa kompyuta, nzito kuliko gitaa. Bendi ikiombwa kuzipiga mubashara kwenye harusi, mpiga besi mwenye oktava anaukaribia uzito ule.

Lakini ijue mipaka yake. Ukipiga E wazi, oktava ya chini ni mitetemo takriban 20 kwa sekunde, na hapo ndipo sikio la binadamu linapokomea. Spika haitoi kitu cha maana, inachoka bure tu. Pedali za zamani pia hupotea njia kwenye noti za chini sana, sauti ikaanza kugugumia. Basi panda juu ya shingo: piga kuanzia freti ya 5 ya uzi wa A kwenda juu, noti moja moja, na uzime nyuzi nyingine kwa kiganja. Pedali ya aina hii ikipewa noti mbili kwa pamoja haijui imfuate nani.

Filta, korasi, dilei na riveba

Filta ya envelopu inafungua na kufunga sauti kulingana na nguvu ya kidole chako, ikitoa mlio kama mtu anayetamka "wau". Mu-Tron III ya mwaka 1972 ndiyo iliyoitia umaarufu, na Bootsy Collins aliifanya kuwa sehemu ya sura yake katika muziki wa funk. Kinachohitaji uangalifu ni nobu ya wepesi wa kuitikia. Ipange ukiwa umesimama na kupiga kwa nguvu unayotumia jukwaani. Ukiipanga nyumbani kwa kidole laini, jukwaani itakuwa wazi muda wote.

Korasi inaifanya besi moja isikike kama mbili zinazotofautiana kidogo. Inapendeza kwenye nyimbo za polepole, kwenye besi isiyo na freti, na unapopiga melodia juu ya shingo. Kwenye sebene inautia ukungu mdundo, basi izime.

Dilei inairudisha noti baada ya muda. Ukitaka irudi pamoja na mpigo, gawanya 60,000 kwa idadi ya mipigo kwa dakika. Wimbo wa mipigo 120 unahitaji milisekunde 500. Itumie kwenye utangulizi au solo ya besi, si zaidi.

Riveba niiseme kwa ufupi: ukumbi wenye kuta za saruji na paa la bati tayari una riveba ya kutosha. Fedha yake iweke akiba.

Mpangilio wa pedali

Pedali zilezile zikipangwa tofauti hutoa sauti tofauti. Mpangilio huu utakutosha kuanzia:

1. Gitaa
2. Tyuna
3. Oktava
4. Filta
5. Kompresa
6. Ovadraivu au fazi
7. Korasi
8. Dilei
9. Priampu yenye DI
10. Amplifaya au miksa

Oktava iko mwanzoni kwa sababu inahitaji noti safi ili iitambue. Filta inaisikiliza nguvu ya kidole, kwa hiyo ikiwekwa baada ya kompresa itakuta nguvu zote zimesawazishwa na haitajua lini ifunguke. Kompresa ikikaa baada ya hizo mbili inazituliza kabla hazijafika kwenye ovadraivu. Dilei iko mwishoni ili irudie sauti iliyokwisha kukamilika. Wapo wanaoweka kompresa mara tu baada ya tyuna, na wana sababu zao, hasa kama hawatumii filta. Jaribu njia zote mbili uamue kwa sikio.

Umeme na kelele

Pedali nyingi zinatumia volti 9 za umeme wa moja kwa moja, na hasi iko katikati ya plagi. Usikisie. Soma mchoro mdogo ulio kando ya tundu la adapta, maana chache, hasa baadhi ya fazi za zamani, zina chanya katikati. Kuingiza volti 18 kwenye pedali ya volti 9 kunaweza kuiunguza mara moja.

Kisha jumlisha miliampea. Ukiwa na pedali zinazotumia 30, 20, 10 na 200, jumla ni 260. Adapta ya miliampea 500 itazibeba bila taabu. Adapta yenye uwezo mkubwa kuliko mahitaji haidhuru, kwa sababu pedali huchukua inachohitaji tu. Yenye uwezo mdogo ndiyo huleta kelele na kuzimika katikati ya wimbo.

Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E hutetema mara 49. Mngurumo wa umeme unakaa karibu juu ya noti yako. Mpiga solo anaweza kuukata kwenye miksa bila kupoteza kitu. Wewe ukiukata unakatwa nao. Kwa hiyo uzuie kwenye chanzo. Chomeka amplifaya na pedali kwenye soketi moja. Weka waya wa umeme mbali na waya za sauti, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba, zisilale sambamba. Kama DI ina swichi ya kutenganisha ardhi, ibonyeze usikie kama mngurumo unatoweka. Adapta yenye matundu yaliyotengwa kila moja na njia yake hupunguza kelele kuliko waya mmoja unaogawanya umeme kwa pedali zote.

Usikate kamwe pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili kuondoa mngurumo. Pini hiyo ndiyo inayokulinda hitilafu ikitokea, na nyuzi za gitaa ni chuma zilizo mikononi mwako. Mngurumo unaudhi, umeme unaua. Pale mnapotumia jenereta au umeme unaopanda na kushuka, tumieni kifaa cha kudhibiti volti kabla ya kuwasha chochote.

Ukitumia betri, chomoa waya kwenye tundu la kuingizia kila unapomaliza. Kwenye pedali nyingi waya huo ndio unaowasha saketi, na ukiuacha usiku kucha asubuhi betri imekwisha.

Ukienda kununua

Nenda na gitaa lako na waya wako. Omba kujaribu kwenye amplifaya ya besi, kubwa kuliko zote zilizopo, kwa sababu spika ndogo itakuficha kasoro ya sauti za chini. Kisha fuata hatua hizi:

- Piga E wazi pedali ikiwa imezimwa, halafu iwashe. Kama kifua chako hakisikii tena mtikisiko, irudishe.
- Izime tena na usikilize: je, sauti imefifia kuliko ukiwa umechomeka moja kwa moja kwenye amplifaya?
- Zungusha kila nobu polepole. Mikwaruzo ni vumbi au uchakavu.
- Kanyaga swichi mara kumi. Iitikie mara kumi.
- Tikisa jeki taratibu. Sauti isikatike.
- Kwa pedali iliyotumika, fungua mahali pa betri. Ukiona kutu au unga wa kijani, punguza bei au ondoka.

Kama ndiyo kwanza unaanza na hujui unapenda nini, kifaa kimoja chenye pedali nyingi ndani yake, kama Zoom B1 Four, kitakupa kompresa, ovadraivu, oktava, filta na tyuna kwa bei ndogo kuliko kuzinunua moja moja. Kitumie kama shule. Baada ya miezi michache utajua ni sauti zipi mbili au tatu unazozirudia kila mara, na hizo ndizo za kununulia pedali za pekee.

Jukwaani

Panga kila pedali ili sauti iwe na ukubwa uleule ikiwashwa au ikizimwa. Ikiruka, fundi mitambo atakushusha, na ukiizima utapotea. Mwambie kabla ya onyesho ni pedali zipi utatumia na wimbo gani una oktava, ili asishtuke. Ukishapata mpangilio mzuri, piga picha nobu zako kwa simu au weka alama kwa utepe, kwa sababu mfuko wa kubebea utazizungusha.

Kanyaga kwenye mpigo wa mwisho wa kipande, si wa kwanza wa kinachofuata. Jizoeze nyumbani ukiwa umesimama na kuvaa viatu vya jukwaani. Na pedali moja kwa wimbo inatosha sana. Msikilizaji aliyezoea besi safi kwa beti tatu ataisikia fazi ikiingia kwenye kipande kimoja tu, na ataikumbuka.

Taarab inataka besi safi na iliyo duara, basi kompresa na priampu zinakutosha. Benga ina besi inayokimbia na kujibizana na gitaa, hivyo kila kinachorefusha noti kitaitia matope. Rumba inakupa nafasi zaidi kwenye sehemu ya polepole, kisha inakudai usafi sebene ikianza. Kwenye nyimbo za sifa za kisasa, ovadraivu ndogo na oktava kwenye kilele zinafanya kazi nzuri.

Wiki hii, kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo moja. Kwenye mazoezi, weka simu mwisho wa ukumbi na urekodi bendi ikipiga wimbo mzima, wewe ukiwa huna pedali yoyote. Sikiliza mara mbili. Andika kinachokosekana: noti zinaruka? Sauti haisomeki? Kuna kelele ya umeme? Jibu lake ndiyo pedali yako ya kwanza. Ukiinunua, rekodi tena wimbo uleule mahali palepale. Kama miguu ya wenzako bado inakufuata, umechagua vizuri. Kama imesita, ikanyage izime, urudi kwenye nyuzi zako.